MAMLAKA YA NCHI NA MIKATABA YA KIMATAIFA: MPAKA UKO WAPI?

Ndugu wafanyakazi,

Katika mikutano ya matawi yetu ya Gitega na Muyinga swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara. Wanachama wanauliza: ikiwa mambo ya ushuru yanapangwa Arusha, kanuni za kazi zinaandikwa Geneva, na masharti ya mikopo yanazungumzwa Washington, je, serikali yetu imebaki na nini mkononi? Tena, ni nani aliyeiruhusu kuyagawa madaraka hayo?

Swali hilo si la wanasheria peke yao. Linamhusu mwenzetu wa kiwanda cha kuosha kahawa, linamhusu kibarua anayevuka kwenda kutafuta kazi Tanzania, na linamhusu mama anayehesabu faranga sokoni siku ya mshahara. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze hatua kwa hatua.

MFANO ULIO MBELE YA MACHO YETU

Ndugu zetu wa Muyinga wanaujua mpaka wa Kobero. Zamani gari la mizigo lilisimama mara mbili, upande wa Tanzania huko Kabanga, kisha upande wetu. Siku hizi kuna kituo cha pamoja. Ofisa wa Tanzania hufanya kazi yake akiwa kwenye ardhi ya Burundi, na ofisa wa Burundi vivyo hivyo akiwa kwenye ardhi ya Tanzania. Kila mmoja anatumia sheria za nchi yake ndani ya eneo lililowekwa kwa kazi hiyo.

Mtu asiyejua anaweza kusema, "Mbona mgeni anatoa amri nyumbani kwetu?" Jibu ni kwamba ofisa yule hakujileta. Nchi zetu zilikubaliana, na ipo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya vituo hivyo. Amepewa kazi maalum, mahali maalum. Hawezi kutoka hapo akaenda mjini Muyinga kukusanya kodi. Hiyo ndiyo maana ya kukabidhi madaraka kwa mpaka.

MADARAKA NI YA NANI?

Tuchukue mfano wa chama chetu. Tawi linapomtuma mjumbe kwenye mkutano mkuu, linampa neno la kusema na uwezo wa kupiga kura. Lakini mjumbe yule si mwenye tawi. Hana ruhusa ya kuuza ofisi ya tawi wala kumwachia mtu mwingine muhuri wetu. Akirudi, hapana budi atoe ripoti. Akivuka alichotumwa, wanachama wana haki ya kumwambia, "Hapo ulijisemea mwenyewe."

Serikali nayo ni mjumbe. Katiba ya Burundi inasema wazi kwamba mamlaka ya taifa ni ya wananchi, nao wanayatumia wenyewe kwa kura ya maoni au kwa njia ya wawakilishi wao. Hakuna kikundi wala mtu mmoja anayeweza kujitwalia mamlaka hayo. Basi, ikiwa mamlaka si mali ya serikali, serikali haiwezi kuyagawa kama mtu agawavyo shamba lake. Inaweza tu kukabidhi kiasi, na kwa njia iliyowekwa na Katiba.

Wazee wetu walijua ubaya wa kukosa njia hiyo. Wajerumani walijenga makao yao Gitega mwaka 1912. Wabelgiji walipowaondoa mwaka 1916, nchi yetu pamoja na Rwanda iliwekwa chini ya Ubelgiji kwa jina la Shirika la Mataifa, na baada ya vita vya pili vya dunia kwa jina la Umoja wa Mataifa. Chombo cha kimataifa kilikuwapo, mkataba ulikuwapo, lakini mwananchi aliyelazimishwa kulima kahawa hakuulizwa neno. Hata hivyo tuseme ukweli wote: uchaguzi wa Septemba 1961, ambao chama cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kilipata viti 58 kati ya 64, ulisimamiwa na Umoja wa Mataifa huo huo. Uhuru ukafuata tarehe 1 Julai 1962. Kumbe chombo cha kimataifa chaweza kuwa mzigo au msaada. Tofauti inatokana na jambo moja: wananchi wameulizwa, au hawakuulizwa?

MILANGO MINNE YA KATIBA

Tulipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Katiba iliyokuwa ikitumika ni ile ya mwaka 2005. Inayotumika sasa ilipigiwa kura ya maoni tarehe 17 Mei 2018, ikatiwa saini Bugendana, hapa hapa Gitega, tarehe 7 Juni 2018. Zote mbili zina sehemu inayohusu mikataba ya kimataifa. Katiba inairuhusu Burundi kuunda pamoja na nchi nyingine vyombo vya kuendesha mambo kwa ushirikiano, na kuingia katika jumuiya. Lakini imeweka milango ya kupitia.

Mlango wa kwanza ni wa Rais wa Jamhuri. Yeye ndiye anayeongoza mazungumzo na nchi za nje, na ndiye anayetia saini na kuridhia. Saini peke yake haitoshi. Mkataba hauanzi kufanya kazi mpaka umeridhiwa kwa utaratibu na masharti yake yenyewe yametimia.

Mlango wa pili ni wa Bunge. Mikataba ya amani, ya biashara, ya kuingia katika vyombo vya kimataifa, inayoifunga hazina ya nchi, inayobadilisha sheria, na inayogusa hali ya watu kisheria, haiwezi kuridhiwa bila sheria kupitishwa. Ndugu, tazameni orodha hiyo. Karibu kila jambo linalomgusa mfanyakazi limo.

Mlango wa tatu ni Mahakama ya Katiba. Ikiulizwa na wale waliopewa haki hiyo, nayo ikaona kwamba kifungu cha mkataba kinapingana na Katiba, mkataba huo hauwezi kuridhiwa mpaka kwanza Katiba ibadilishwe.

Mlango wa nne ni wa wananchi wote. Kutoa ardhi ya nchi, kuibadilisha au kuiongeza hakuna nguvu bila kura ya maoni. Hapo hata Rais na Bunge wakikubaliana, haitoshi.

Mwenye kuijua milango hii hatadanganywa na maneno mawili yanayosikika mitaani: lile la kusema kwamba nchi imekwisha uzwa, na lile la kusema kwamba mkataba ni karatasi tu. Yote mawili si kweli.

TULIKABIDHI NINI ARUSHA?

Burundi ilitia saini kujiunga tarehe 18 Juni 2007, ikawa mwanachama kamili tarehe 1 Julai mwaka huo. Mkataba wa Jumuiya unasema kwamba vyombo na sheria za Jumuiya vinatangulia mbele ya vile vya nchi katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba huo. Maneno hayo ni mazito, na tusiyapite mbio.

Kitu cha kwanza tulichokabidhi ni ushuru wa forodha. Tangu Julai 2009 Burundi inafuata viwango vya pamoja kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya. Waziri wetu wa fedha hawezi tena kupanga peke yake ushuru wa kitambaa au wa sukari. Akitaka kiwango tofauti, hana budi kupitia utaratibu wa Jumuiya. Kwa mfanyakazi wa kiwandani hilo laweza kulinda ajira yake au kuiondoa, kwa sababu kiwanda kinashindana na bidhaa zinazoingia.

Cha pili ni sehemu ya kazi ya kutunga sheria. Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge tisa kutoka kila nchi. Hata hivyo muswada wake hauwi sheria mpaka wakuu wa nchi zote wameukubali. Mmoja akiendelea kukataa, muswada unakufa. Hapo tunaona mpaka: nchi imetoa mkono, haikukata mkono.

Cha tatu ni uamuzi wa mahakama. Mahakama ya Afrika Mashariki ndiyo yenye neno la mwisho juu ya maana ya Mkataba.

Lakini jeshi, polisi, kodi ya mapato, mishahara na Sheria ya Kazi havikukabidhiwa. Sheria yetu ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020 ilitungwa na Bunge letu wenyewe. Hata mpaka wa nchi umebaki mkononi mwa serikali. Mwezi Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, ingawa nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya moja. Yafaa basi, tukikosa mshahara wa haki, tusiseme ni kosa la Arusha. Hilo ni la kudai hapa nyumbani.

KESI TATU ZA KUJIFUNZA

Ya kwanza. Tarehe 17 Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliamua kutuma askari 5,000 Burundi kwa sababu ya machafuko yaliyoanza mwaka ule. Serikali ilikataa, na Bunge na Seneti wakaunga mkono ukatazo huo. Mkataba wa Umoja wa Afrika unatoa ruhusa ya kuingilia kati katika hali mbaya kabisa, lakini wakuu wa nchi walipokutana Addis Ababa mwisho wa Januari 2016, hawakukubali kutuma askari bila ridhaa ya Burundi. Funzo ni kwamba chombo cha kimataifa kinaweza kuwa na haki kwenye karatasi, na bado kikakosa nguvu ya kuitumia.

Ya pili inaonyesha upande mwingine. Burundi iliridhia mkataba wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwezi Septemba 2004. Tarehe 12 Oktoba 2016 Bunge lilipiga kura ya kujitoa: 94 walikubali, 2 walikataa, 14 hawakuwa upande wowote. Tulikuwa nchi ya kwanza duniani kujitoa kweli, na kujitoa huko kulianza tarehe 27 Oktoba 2017. Lakini siku mbili kabla, majaji walikuwa wameruhusu uchunguzi juu ya makosa yaliyodaiwa kutendeka wakati Burundi bado ni mwanachama. Funzo: nchi inaweza kurudisha madaraka iliyoyatoa, lakini kutoka hakufuti madeni ya wakati uliokuwa ndani. Mwenye kuacha nyumba ya kupanga bado anadaiwa kodi ya miezi aliyolala humo.

Ya tatu ni ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Mwezi Mei 2015 Mahakama ya Katiba ya Burundi iliruhusu Rais Pierre Nkurunziza kugombea tena. Vyama vya kiraia vilikwenda Arusha. Kesi ilichukua miaka mingi, na tarehe 25 Novemba 2021 kitengo cha rufaa kilisema uamuzi ule ulikiuka Katiba ya Burundi na Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000, na hivyo kuuvunja Mkataba wa Jumuiya. Wakati huo Rais yule alikuwa amekwisha fariki, tangu Juni 2020, na kipindi chenyewe kilikuwa kimepita. Funzo: mahakama ya nje inaweza kusema haki, lakini haki inayochelewa hairudishi siku zilizopita. Ulinzi wa kwanza ni hapa nchini.

WENZETU WALIFANYAJE?

Kenya mwaka 2006 ilipochagua wabunge wake wa Afrika Mashariki, baadhi ya wananchi walishtaki kwamba uchaguzi haukufuata Mkataba. Mahakama ya Arusha ikazuia wabunge wale wasiapishwe. Wakuu wa nchi walikasirika, wakabadilisha Mkataba haraka mwezi Desemba mwaka huo huo. Wanasheria wa Afrika Mashariki wakarudi mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama ikasema kwamba kubadilisha Mkataba bila kuwashirikisha wananchi ni kinyume cha Mkataba wenyewe. Kwa hiyo kushirikishwa si fadhila tunayoomba. Ni haki iliyoandikwa.

Mbali zaidi, huko Ayalandi, mwananchi mmoja aitwaye Raymond Crotty, aliyewahi kuwa mkulima, aliishtaki serikali yake isiridhie mkataba mpya wa Ulaya bila kuwauliza watu. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Rufaa ilimpa haki. Serikali ikalazimika kuitisha kura ya maoni, na wananchi wakaukubali mkataba ule. Tazameni: watu hawakuogopa ushirikiano. Walitaka kuulizwa tu.

MLANGO WA UANI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo linamuuma mfanyakazi zaidi. Siyo kila ahadi kwa chombo cha kimataifa inaitwa mkataba. Serikali inapoomba fedha kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, inaandika barua ya kueleza hatua itakazochukua. Shirika lenyewe linasema mpango wa namna hiyo si mkataba wa kimataifa. Ikiwa si mkataba, basi haugongi ile milango tuliyoitaja.

Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa kiasi kikubwa. Mwezi Julai 2023 Shirika hilo likapitisha mpango wa miezi 38 wa mkopo wa dola za Marekani zipatazo milioni 271. Hatusemi kwamba nchi isikope. Nchi isiyo na fedha za kigeni haipati mafuta wala dawa. Tunasema kwamba faranga ikishuka, mshahara wa mwezi unapungua bila mwajiri kukata hata senti moja, na aliyekatwa hana wa kumlalamikia. Hapo ndipo Bunge lapaswa kuuliza maswali kabla barua haijatumwa, na vyama vya wafanyakazi vipaswe kusikilizwa. Usikubali kununua mbuzi kwenye gunia.

Liko jambo jingine kubwa njiani. Tarehe 30 Novemba 2013 nchi za Jumuiya zilitia saini itifaki ya kuwa na sarafu moja. Mwaka 2024 uliokuwa umewekwa ulipita bila sarafu hiyo. Siku itakapokuja, uwezo wa kupanga thamani ya fedha utatoka Bujumbura uende kwenye benki kuu moja ya nchi zote. Hayo ni madaraka makubwa kuliko ushuru. Wakati wa kuuliza ni sasa, si siku ya kubadilisha noti.

GENEVA: MKONO UNAOTUSAIDIA

Tusidhani kwamba kila kinachotoka nje kinamnyang'anya mfanyakazi. Burundi ni mwanachama wa Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 1963. Katika mkutano wake wa kila mwaka, kila nchi hutuma wajumbe wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi. Ni nadra kukuta chombo cha kimataifa ambamo sisi wafanyakazi tuna kura yetu wenyewe.

Mkataba namba 87 juu ya uhuru wa kuunda vyama uliridhiwa na Burundi mwaka 1993, na namba 98 juu ya majadiliano ya pamoja mwaka 1997. Katiba yetu nayo inatambua haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na haki ya kugoma, na inasema kwamba haki za binadamu zilizomo katika mikataba iliyoridhiwa kwa utaratibu ni sehemu ya Katiba. Tena Shirika hilo lina kanuni nzuri: mkataba wake hauwezi kutumiwa kupunguza haki ambayo sheria ya nchi imekwisha mpa mfanyakazi. Unaweka sakafu, hauweki dari.

TUFANYE NINI?

La kwanza, tuulize mapema. Mkataba ukiwa bado haujaridhiwa, mbunge anaweza kuuzuia au kudai maelezo. Ukisha ridhiwa, kazi inakuwa ngumu mara kumi. Kila tawi limjue mbunge wa eneo lake. Wenzetu wa Muyinga wakumbuke kwamba tangu mwaka 2025 wamo katika mkoa mpya wa Buhumuza, basi wahakikishe wanajua ni nani anayewawakilisha.

La pili, anayekwenda kufanya kazi nchi ya Jumuiya ajue haki yake. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza tarehe 1 Julai 2010, inakataza ubaguzi wa uraia katika mshahara na masharti ya kazi, na inalinda haki ya kujiunga na chama. Mkataba wa kazi unaozidi siku 90 unahitaji kibali, nacho kiombwe ndani ya siku 15 za kazi tangu kukubaliana. Lakini kila nchi iliorodhesha aina za kazi ilizofungua, na kazi za serikali kwa kawaida hazimo. Kibarua asivuke Kobero kabla ya kuuliza kama kazi yake imo katika orodha.

La tatu, tujue saa ya kwenda mahakamani. Mkazi yeyote wa nchi ya Jumuiya anaweza kupeleka shauri Arusha dhidi ya sheria au kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba, hata bila kumaliza kwanza mahakama za nchini. Lakini muda ni miezi miwili tu tangu kitendo kufanyika au tangu kukijua. Ukilala, mlango umefungwa. Mwenye jambo la namna hiyo alete kwa kamati ya tawi mara moja.

La nne, tudai ripoti. Mjumbe wa serikali arudipo kutoka Arusha, Geneva au Washington, wananchi wana haki ya kujua alisema nini kwa jina lao.

Ndugu wafanyakazi, nchi ndogo kama yetu, isiyo na bahari, haiwezi kuishi peke yake. Mizigo yetu inapita kwa jirani, watoto wetu wanatafuta kazi kwa jirani. Kushirikiana ni lazima. Lakini mjumbe aliyetumwa na watu walio macho husema vizuri zaidi kuliko aliyetumwa na watu waliolala. Tumtume mjumbe wetu, tumheshimu, na tumngoje mlangoni na maswali yetu.

UMOJA NI NGUVU.